Watoto Watauliza Maana ya Mawe

Tafakari ya juma: Yoshua 4:1–9

Maji ya Yordani yalipokatika, Mungu hakuwaacha Waisraeli wavuke tu na kwenda zao. Aliagiza wanaume 12, mmoja kwa kila kabila, kila mtu abebe jiwe begani kutoka katikati ya mto. Sababu yake ilihusu nyumba zao: siku moja watoto watauliza maana ya mawe hayo, na mzazi awe na jibu.

Somo hili lilinijia tulipokwenda Savannah, mji wa bandari wa jimbo la Georgia, mimi na mama watoto na wanetu. Kutoka Clarkston, ambako wengi wetu tuliokimbia vita vya Kongo tumepata makao, ni kama saa nne kwa gari. Mji ni mzuri, sina haja ya kuficha. James Oglethorpe aliuanzisha 1733 akaupanga kwa viwanja vya wazi, na 22 kati ya hivyo vipo hadi leo, vyenye kivuli cha mialoni mikubwa inayoning'iniza mimea ya kijivu kama ndevu za wazee. Watoto walitaka peremende za njugu na kupanda mashua, wakapata vyote viwili. (Sioni faida ya kumpa historia mtoto mwenye njaa.)

Ukishuka River Street utembee taratibu, maana mawe ya njia hayakukaa sawasawa. Mengi yake yaliletwa na meli kutoka Ulaya, yakiwa uzito wa kuzituliza baharini. Meli zikifika zilishusha mawe, zikapakia pamba, zikarudi. Binti yetu akauliza swali la Yoshua bila kujua kwamba limo katika Biblia: mawe haya yametoka wapi? Habari ya meli ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni nani aliyeichuma pamba, na hapo wazazi wengi tunageukia habari ya chakula cha mchana.

Georgia mwanzoni ilikataza utumwa. Katazo lilifutwa 1751, baada ya walowezi kulalamika kwa miaka kwamba wenzao wa South Carolina wanatajirika. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba watu wa zamani hawakujua. Walijua, kisha wakapiga hesabu.

Machi 1859, katika uwanja wa mbio za farasi nje ya mji, bwana mmoja aitwaye Pierce Butler aliuza watu zaidi ya 400 kwa siku mbili ili alipe madeni yake. Mvua ilinyesha siku zote mbili. Sharti la mnada lilikuwa kwamba mume, mke na watoto wasitenganishwe, na watesi wakajiona wenye huruma. Lakini kijana Jeffrey, mwenye miaka 23, alikuwa na mchumba, Dorcas, na uchumba haukuhesabiwa. Alimsihi bwana wake mpya amnunue na yeye. Dorcas alikuwa amewekwa katika fungu moja na watu wengine, fungu haligawanywi, na bwana hakuwataka wote. Wakaachana hapo. Niliwasimulia wanangu habari hiyo tukiwa mbele ya sanamu iliyosimamishwa kando ya mto 2002: baba, mama na watoto wawili wamekumbatiana, minyororo iliyokatika ikiwa miguuni pao. Mke wangu aliona nimewahi mno kwa yule mdogo. Huenda ni kweli, ila yule mdogo ndiye aliyeuliza maswali mengi zaidi.

Mwaka huo huo wa 1859 lilikamilika jengo la First African Baptist Church, pale Franklin Square. Wengi wa waliolijenga walikuwa watumwa, wakifanya kazi usiku baada ya kazi ya bwana. Sakafuni kuna matundu yaliyopangwa kwa mchoro. Waongozaji hueleza kwamba yalipitisha hewa kwa watoro waliofichwa chini, na kwamba mchoro huo ni alama ya kale ya Wakongo ya mzunguko wa uhai. Sisi wa Kivu tuko mbali na watu wa mdomo wa mto Kongo, lakini watoto walisimama kimya kuyatazama.

Kisha fikeni Madison Square, kwenye nyumba ya Green-Meldrim. Tarehe 12 Januari 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiendelea, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini na waziri wa vita waliwaita humo wachungaji na viongozi 20 wa makanisa ya weusi, wawaulize watu wao wanahitaji nini. Msemaji alikuwa mchungaji Garrison Frazier, mzee wa miaka 67 aliyejinunua yeye na mkewe kutoka utumwani. Alijibu: ardhi, tuilime kwa mikono yetu. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kutenga mashamba ya pwani, hadi ekari 40 kwa familia. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameanza kuyarudisha kwa mabwana. Ninyi mlioacha mashamba Masisi na Fizi hamhitaji kufafanuliwa.

Wapendwa, shule zikifungwa wapelekeni watoto Savannah. Ulizeni mapema saa za ziara za kanisa la Franklin Square. Someni Yoshua 4 garini, na mtoto akiuliza, ajibiwe pale pale, asiambiwe asubiri mpaka nyumbani.