Lenzi Nafuu na Haki ya Kiumbe Kidogo

Katika msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, mpiga picha wa vipepeo hukabiliwa na swali ambalo halimsumbui sana mwenzake anayepiga picha za matumbawe ndani ya tangi la kioo: je, hamu ya kumwona kiumbe kwa karibu inampa mtu haki ya kumkaribia?

Swali hilo huanzia kwenye bei ya vifaa. Lenzi ya makro, yaani lenzi inayomchora kiumbe kwenye kihisio cha kamera kwa ukubwa wake halisi, uwiano wa 1:1, kwa kawaida huwa ghali. Hata hivyo, mirija ya kurefusha, ambayo haina kioo ndani, ikifungwa kwa urefu wa milimita 50 nyuma ya lenzi ya kawaida ya milimita 50, hufikia uwiano huohuo, ingawa mwanga hupungua hadi robo na nafasi mbele ya lenzi huwa chini ya sentimita 10. Tumbawe lililoshikamana na mwamba halikimbii. Kipepeo akikaribiwa hivyo huruka, na hapo ndipo kishawishi cha kumpoozesha kwa baridi ili atulie huingia, na unafuu wa mnunuzi hulipwa na mdudu.

Mithali, sura ya 6, humtuma mvivu aende kwa chungu, haimruhusu amkamate. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo anunue mirija na kupiga picha za kuvu, ambazo nazo hazikimbii, na vipepeo wawasubiri wenye lenzi ya makro ya milimita 100, hata iliyotumika, kwa kuwa hiyo humwacha kipepeo na nafasi yake.