Mgonjwa Aulizwe Uji

Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga. Ukimuuliza atakataa, na akikataa atadhoofika. Methali hii ina huruma ndani yake. Lakini je, inafaa pale mpishi anapoanza kushuku kwamba huenda uji wenyewe una madhara?

Swali hili lilimkuta Nancy Andreasen, daktari wa magonjwa ya akili katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Kwa miaka mingi yeye na wenzake waliwapiga picha za ubongo kwa MRI, tena na tena, watu walioanza kuugua skizofrenia. Picha zilionyesha tishu za ubongo zikipungua, na waliotumia dawa nyingi zaidi walipoteza tishu nyingi zaidi. Mwaka 2008 aliliambia gazeti la New York Times kwamba aliyakalia matokeo hayo kwa miaka kama miwili. Alitaka kwanza awe na uhakika. Tena alihofia kwamba wanaozihitaji dawa wangeziacha. Utafiti wa wagonjwa 211 ulichapishwa mwaka 2011.

Sababu hizo mbili hazina uzito mmoja. Ya kwanza ni kuiheshimu kweli. Anayeumwa sana ndiye hupewa dawa nyingi. Basi kilichopunguza ubongo ni dawa au ni ugonjwa? Watafiti wa Pittsburgh waliwapa kima wenye afya dawa za aina hiyo kwa miezi 17 hadi 27, na ubongo wao ukapungua kwa takriban asilimia 8 hadi 11. Lakini huko Melbourne, Australia, vijana waliokuwa katika mwanzo wa ugonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa dawa, wengine dawa bandia. Sehemu moja ya ndani ya ubongo iliongezeka kwa waliopewa dawa, ikapungua kwa wasiopewa. Kusubiri uhakika katika jambo kama hili si kosa.

Sababu ya pili ni kumwamulia mgonjwa kwa kumnyima habari. Hofu yenyewe si ya bure: anayeacha dawa anaweza kurudiwa na sauti na vitisho alivyokwisha kuvisahau. Na ni kweli kwamba mtu aliyezidiwa huenda asiweze kupima faida na hasara. Lakini hali hiyo si ya kila siku. Ugonjwa huu mara nyingi huanza ujanani, na dawa huweza kutumika kwa miaka. Ndani ya miaka hiyo zimo siku nyingi za akili tulivu ambazo mtu anaweza kuambiwa na kuelewa.

Tena picha hupima ukubwa wa tishu tu. Haipimi usingizi uliorejea, mtihani uliofanyika, wala uzito wa mwili na ganzi ya moyo zinazoweza kuletwa na dawa. Kuviweka hivyo kwenye mizani kunamhusu mwenye ubongo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Daktari anaweza kusema: dawa hii imewasaidia wengi, huenda ikagusa ubongo wako, tutatumia kipimo kidogo kinachotosha, na usiiache bila kuniambia. Maneno hayo yanahitaji muda na subira. Ukimya ni rahisi zaidi, lakini mgonjwa akija kuugundua mwenyewe, atamwamini nani tena?