Malengelenge ya Vidoleni

Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walichapisha kisa cha mhudumu wa meno, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kukwangua ugaga na kusafisha vinywa. Kati ya wagonjwa 46 aliowahudumia katika muda mfupi, 20 walitokwa na vidonda vikali vya ufizi na midomo. Walikuwa na virusi vya hepesi, vile vile vinavyoleta malengelenge ya midomoni, na vilitoka vidoleni mwake.

Sitamwita mzembe. Siku hizo wengi katika fani yake walitibu kwa mikono mitupu. Mwongozo wa Marekani wa kuvaa glavu kila unapogusa mate au damu ya mgonjwa wa meno ulitoka mwaka 1986.

Hata hivyo dalili zilikuwepo. Mikono yake ilikuwa na ugonjwa wa ngozi, na ngozi yenye michubuko ni mlango uliosahauliwa wazi. Hepesi ya kidole nayo haiji kimya: huanza kwa kuwasha na kuuma, kisha hutoa vilengelenge. Wangapi kati yetu tunaotibu meno, mimi nikiwemo, tungesema ni mdudu wa kidole tu, tukapaka dawa na kumwita mgonjwa anayefuata kwa kuwa foleni ni ndefu? Tena wapo wanaokipasua kidole hicho, jambo linaloweza kuongeza madhara.

Tusisahau kwamba virusi vilimwingia yeye kwanza. Mate ya mgonjwa huweza kuvibeba hata midomo ikiwa haina kidonda. Ndiyo maana glavu huvaliwa kwa kila mgonjwa, si kwa yule tu tunayemshuku. Mwenye malengelenge mabichi, kama tiba yake si ya dharura, aombwe arudi yakishapona. Na wewe ukiona kilengelenge kidoleni, acha kuhudumia vinywa ukapimwe.

Nahofia zaidi homa ya ini B. Virusi vyake huishi siku 7 au zaidi nje ya mwili, na kati ya watu 100 wasiochanjwa waliochomwa na sindano yenye virusi hivyo, 6 hadi 30 huambukizwa. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki walizaliwa kabla chanjo hii haijaanza kutolewa kwa watoto. Ndugu yangu, kamilisha dozi zako tatu. Ukichomwa na sindano ya ganzi, osha kwa sabuni na maji, toa taarifa papo hapo. Sindano hiyo yaweza pia kubeba VVU, na dawa za kuvizuia lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu.