Nani Alikwambia ni ya Bure?

Ukitaka kumwona kijana wa Nairobi akigeuka mwanafalsafa, mwambie alipie apu. Mtu ambaye hajawahi kuuliza kwa nini chai ya kibanda imepanda bei atakuuliza ghafla: kitu kisichoshikika kinawezaje kuwa na bei? Kikinakiliwa mara elfu, nani amepungukiwa? Mwenyewe si bado anacho? Na huyo huyo, kabla maswali hayajaisha, ameshanunua bando la siku moja, ambalo pia halishikiki, na kesho halitakuwepo.

Sisemi maswali yake ni ya kijinga. Ni mazuri kuliko anavyojua. Ukiiba mandazi, muuzaji amebaki na sahani tupu. Ukipakua apu iliyokrakiwa kutoka kwa linki ya Telegram, aliyeitengeneza hajaona chochote kikitoka mezani kwake. Kwa hivyo neno "wizi" halikai sawasawa hapa, na wanaolipaza sana huwa hawajajibu hilo. Mimi ningetumia neno lingine: deni. Mtu amefanya kazi, wewe unaitumia kazi hiyo kila siku, bei aliitaja mapema, na umeamua kwamba bei hiyo haikuhusu.

Deni la aina hii nalijua kutoka upande wa pili. Naishi kwa kuandika. Niliacha chuo karo iliponishinda, na tangu hapo kodi ya nyumba hutoka kwa maneno: maelezo ya bidhaa, hotuba za harusi, makala kama hii. Mwaka jana mteja mmoja alichukua kurasa nne nilizomwandikia, akazipachika kwenye tovuti yake, kisha akanyamaza. Nilipomkumbusha akasema mambo ni magumu, halafu akaongeza, "Na si ni maneno tu, yako bado unayo." Kweli ninayo. Faili iko kwenye laptopu hadi leo. Mwenye ploti hakuitaka.

Utaniambia vya bure viko vingi. Viko. VLC ni ya bure na haina matangazo. Walioitengeneza waliamua kuitoa hivyo. Zawadi ni zawadi, pokea, sema asante. Shida iko kwa ile bure nyingine.

Wengi wetu tumesahau, au tulikuwa wadogo sana kujua, kwamba WhatsApp ilikuwa na ada. Mwaka wa kwanza bure, halafu dola 0.99 kwa mwaka, na waanzilishi wake, Jan Koum na Brian Acton, walikuwa wakisema wazi kwamba hawataki matangazo. Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Januari 2016 ada ikafutwa, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kwamba watumiaji wengi hawana kadi ya benki na wanaogopa kutengwa na jamaa zao. Hao ni sisi, manze. Agosti mwaka huo huo masharti yakabadilika, WhatsApp ikaanza kupeana baadhi ya taarifa za watumiaji kwa Facebook. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba matangazo yanaingia kule kwenye Status. Sisemi dola moja yangu ingezuia hayo. Kampuni ikishauzwa ni ya aliyeinunua. Lakini mtu aliyelipa ana pa kuanzia akitaka kuteta. Aliyepewa bure atateta kwamba amenyimwa nini?

Ndiyo maana, kati ya apu chache nilizolipia, Poweramp naipenda kuliko zote. Kazi yake ni kucheza muziki ulio kwenye simu, basi. Unalipa mara moja. Hainiulizi niko wapi, hainitumii ujumbe saa tatu usiku kunijulisha kwamba kuna kitu nimekosa. Kwenye matatu ya Rongai, bando likiwa limeisha na foleni haisongi, gitaa za benga zinaingia masikioni safi kabisa. Tumelipana, tumeachana. Na kwangu hicho ndicho nilichonunua hasa: kuachwa.

Za kulipia kila mwezi nazikataa karibu zote. Hiyo ni kodi, na kodi ninayo tayari.

Forest inanichanganya zaidi. Unapanda mti ndani ya simu, unaweka dakika zako, na ukitoka kwenda kuchungulia mitandao, mti unakufa. Sarafu unazokusanya zinaweza hata kugeuzwa mti wa kweli kupitia Trees for the Future, shirika linalofanya kazi na wakulima wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo. Vizuri. Lakini tazama nilichofanya: nimelipia apu ili inikinge na apu za bure. Ni kama kuajiri soja anilinde na mgeni niliyemfungulia mlango mimi mwenyewe. Dada yangu hunicheka, ati si ningeweka tu simu kwenye droo. Hoja yake sina jibu lake. Ila mti ukifa naona haya kidogo, na droo haijawahi kuniaibisha.

Na yule ambaye mia tano ni unga wa wiki? Huyo simhukumu, na sitaki mtu amhukumu kwa niaba yangu. Deni linaweza kungoja. Ninayemuuliza swali ni yule ambaye anayo, anayesema "sina" akimaanisha "kwani lazima?" Kisingizio cha kadi kilishaisha; Google Play inachukua M-Pesa.

Jirani yangu hupiga picha za harusi. Huzihariri kwa apu iliyokrakiwa, kisha anabandika jina lake katikati ya kila picha, kubwa, ili wateja wasizitumie kabla ya kumaliza salio. Nilimuuliza kama haoni kitu hapo. Akacheka, akasema akipata kazi mbili za Desemba atainunua. Desemba alipata tano, akanunua lenzi. Nikamuuliza, na apu je?

"Lenzi," akaniambia, "haina pa kupakuliwa."