Aliyetumwa Kuangalia Malisho

Tarehe 15 Aprili 2023, setilaiti ya Kenya ya kuangalia ardhi, Taifa-1, ilirushwa kutoka California kwa roketi ya SpaceX. Iligharimu takriban shilingi milioni 50. Huku Isiolo mvua ilikuwa ndiyo kwanza imerudi baada ya misimu mitano mfululizo ya kukosa, na nyasi zilikuwa hazijafunika mifupa ya ng'ombe. Kwa hivyo swali lililozunguka kwenye vibanda vya chai halikuwa la sayansi. Lilikuwa hili: ati tunarusha vyuma juu, na hapa chini watu hawajala?

Ni rahisi kumnyamazisha muulizaji kwa hesabu. Sensa ya 2019 ilitupata watu milioni 47.6. Ukigawanya, ni kama shilingi moja kwa kila Mkenya, bei ya peremende. Lakini hesabu hiyo ina ujanja ndani yake, kwa sababu setilaiti ndogo sio inayokula pesa. Kinachokula pesa ni kumpeleka mtu. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa NASA aliwaambia wabunge wa Marekani kwamba kila moja ya safari nne za kwanza za Artemis, mpango wa kuwarudisha watu mwezini, ingegharimu dola bilioni 4.1. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 500. Mgao wa kaunti zetu zote 47 katika mwaka wa fedha wa 2023/24 ulikuwa bilioni 385. Yaani safari moja inapita zahanati, maji, barabara za vijijini na mishahara ya kaunti zote kwa mwaka mzima. Hapo peremende inaisha utamu.

Swali hili halikuanzia kwenye kibanda cha chai. Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka, mchungaji Ralph Abernathy alifika Florida na familia maskini na mikokoteni ya nyumbu, kuuliza kwa nini nchi inayoweza kufika mwezini haiwezi kulisha watoto wake. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka nje akamsikiliza, kisha akamwambia kwamba kama kutobonyeza kile kitufe kungemaliza umaskini, wasingekibonyeza. Mwaka uliofuata mtawa mmoja aliyekuwa Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia mwanasayansi wa NASA, Ernst Stuhlinger, akimuuliza jambo hilohilo: unawezaje kupendekeza mabilioni ya kwenda Mirihi wakati watoto wanakufa njaa?

Stuhlinger hakumpuuza. Alimjibu kwa barua ndefu, Mei 1970. Alimsimulia kisa cha bwana mmoja wa Ujerumani wa zamani, mkarimu kwa maskini, aliyemlipa fundi wa kusaga vioo. Watu walilalamika kwamba pesa zinaenda kwenye mchezo huku tauni inawamaliza. Bwana yule akaendelea kuwasaidia, na akaendelea kumlipa fundi, na vioo vile vikachangia kuzaa hadubini iliyowasaidia madaktari kushinda maradhi. Kisha akatoa ahadi: setilaiti zitatazama mashamba, mvua na ukame, na chakula kitaongezeka. Miaka miwili baadaye, Julai 1972, setilaiti ya kwanza ya Landsat ilianza kazi hiyohiyo.

Mimi nadhani barua ile ilikuwa inazungumza juu ya Isiolo bila kujua. Hapa ndipo ahadi yake inaweza kupimwa, na nina sababu ya kuipima. Niliacha chuo kikuu mwaka 2022, nikiwa mwaka wa pili, kwa sababu karo yangu ilikuwa na miguu minne na ilikufa. Mjomba wangu alikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja. Walibaki watatu. Sasa naandika makala za watu, nalipwa kwa kila kipande, na usiku nasoma habari za roketi. Siwezi kuzisoma kama mtu asiye na deni.

Haya, ahadi ilitimia? Kwa upande wa kuona, ilitimia kabisa. Mwaka 2010, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na wenzake, walianzisha Marsabit bima ya mifugo isiyohitaji mtu kuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inapima ukijani wa malisho ya eneo zima. Ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, aliyekata bima analipwa. Mwaka 2013 ilifika Isiolo na Wajir. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame nayo hutumia vipimo vya aina hiyo katika taarifa zake za kila mwezi kwa kaunti kavu, yetu ikiwemo. Ukame wa 2020 hadi 2023 haukuja kwa kunyemelea. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alishautangaza kuwa janga la kitaifa. Ng'ombe wa mjomba walikuwa bado hai.

Siku moja nilimweleza mjomba haya yote, kamera, ukijani, ramani za rangi. Alinisikiliza vizuri, maana ni mtu wa kusikiliza.

"Kwa hiyo iliona?" akauliza.

"Iliona, mjomba."

"Kisha?"

Nilikosa la kusema. Lakini neno hilo moja limenisaidia kufikiri kuliko vitabu vingi, kwa sababu linawakata wote wawili, anayepinga safari za anga na anayezitetea.

Linamkata anayepinga hivi. Mwaka 2010, kuanzia Agosti, mtandao wa FEWS NET ulikuwa ukitoa tahadhari kuhusu njaa katika Pembe ya Afrika. Baa la njaa lilitangazwa Somalia tarehe 20 Julai 2011. Utafiti uliotoka 2013 ulikadiria kwamba walikufa watu karibu 258,000, nusu yao watoto wa chini ya miaka mitano. Watu wale hawakufa kwa sababu roketi ilikula chakula chao. Chakula kilikuwepo duniani, pesa zilikuwepo, habari ilikuwepo. Anayesema futa safari za anga tulishe watu anadhani pesa hizo zikiachwa zitashuka zenyewe hadi Merti. Pesa haina mazoea hayo. Paine alijua alichokuwa anasema, hata kama jibu lake lilimfaa sana yeye mwenyewe.

Linamkata anayetetea hivi. Akibanwa aeleze faida, atakutajia hali ya hewa, ramani, simu, bima ya ng'ombe. Vyote hivyo vimeletwa na vyombo visivyo na mtu ndani. Ni kama mtu anayekuuzia punda kwa kusifu maziwa ya ngamia wa jirani. Ukitaka kutetea kumpeleka mtu, tetea kumpeleka mtu.

Basi nijaribu. Wafugaji wa huku, kabla ya kuhamisha mifugo, humtuma mtu atangulie. Wasomali huita kazi hiyo sahan. Usiichanganye na sahani, ingawa mwisho wa safari ni sahani isikae tupu. Anatumwa kijana mwenye nguvu, wakati wa kiangazi, wakati ambapo kila mkono unahitajika kisimani. Anapewa maziwa ya njiani ambayo watoto wangekunywa. Hakuna anayesema anapoteza nguvu za boma. Na hata leo, ramani za malisho zinapofika kwenye simu, bado mtu anatumwa. Kwa nini? Kwa sababu kamera inaona kijani, na mathenge nao ni kijani. Ule mti umevamia maeneo mengi makavu ya Kenya, na maganda yake matamu yanaozesha meno ya mbuzi. Mtu akifika ataona kama ni nyasi au ni mathenge. Ataonja maji. Ataongea na wenyeji, ajue kama mgeni atakaribishwa.

Hilo ndilo naliona kuwa jibu la kweli la kumpeleka binadamu. Kufika si sawa na kuona kwa mbali. Mwaka 1970 chombo cha Kisovieti, Luna 16, kilileta udongo wa mwezi gramu 101 bila mtu. Wanaanga wa Apollo, kumi na wawili waliotembea kule kati ya 1969 na 1972, walileta kilo 382, na mmoja wao, Harrison Schmitt, alikuwa mwanajiolojia aliyejua jiwe gani la kuokota. Na sitaki kuambiwa kwamba udadisi ni anasa ya matajiri. Waborana wana kalenda inayofuata mwezi na nyota, na wajuzi wake, ayyaantu, hawakungoja kila mtu ashibe ndipo wainue macho. Mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Haikumlisha mtu yeyote. Ninajivunia hata hivyo.

Lakini desturi ya sahan ina masharti, na hapo ndipo ninapoachana na washangiliaji. Kwanza, mtu anatumwa na boma, hajitumi. Mwaka 2021 Richard Branson na Jeff Bezos walipanda juu kwa dakika chache, kila mmoja kwa chombo cha kampuni yake. Hao walikwenda kutembea, na kutembea si dhambi, ila tusikuite kutangulia. Pili, anaporudi anawaambia wote, si waliomlipa tu. Uhuru lilikuwa jina letu, elimu ikawa ya wengine, na hilo si haki hata kama ni historia nzuri. Tatu, na ndilo zito, boma likishasikia habari linawajibika kuhama. Boma lililotuma mtu, likasikia, kisha likakaa palepale hadi ng'ombe wakaisha, halina haki ya kutuma mwingine mbali zaidi.

Kwa hivyo ukiniuliza kama safari za binadamu angani zinastahili gharama, nitasema zinaweza kustahili, kwa yule anayetimiza masharti matatu. Sharti la tatu halitimizwi angani. Linatimizwa Kinna, Garbatulla, Merti. Kinachohitajika kinajulikana: ng'ombe wanunuliwe mapema wakiwa bado na nyama na bei, lori la majani makavu lifike kabla ya mizoga, pesa za bima zilipwe wakati mfugaji bado ana mnyama wa kuokoa. Hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi.

Pendekezo langu ni dogo na halina fahari. Kila bajeti ya kutazama, iwe ya Nairobi au ya wakubwa wenye roketi, iandikwe pamoja na bajeti ya kuhama: nani atapewa habari, nani atatoka ofisini, lori lipi, kwa siku ngapi. Ikikosekana, pesa zile hazikupotelea angani. Zilipotea siku picha ilipofika mezani, ikaangaliwa, ikawekwa kwenye faili.