Nani Ahesabu Mali ya Nyumba?

Yako mambo ambayo watu huyaona madogo, kumbe ndiyo yavunjayo jamaa. Mojawapo ni hili la kuandika mali ya nyumba. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wafanyabiashara waijua sana methali hiyo, lakini je, wangapi kati yetu wameitumia nyumbani?

Tuutazame mtaa wa Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Pale duka na chumba cha kulala mara nyingi hutengwa kwa ukuta mmoja tu, na mali ya biashara huchanganyika na mali ya nyumba. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka katika mtaa huo huo, wakafa watu zaidi ya 20. Misiba ya namna hiyo haimpi mtu nafasi ya kukumbuka alikuwa na nini. Aliyeandika anapo pa kuanzia. Asiyeandika hubaki na maneno yake tu.

Hata hivyo, moto haupiti kila nyumba. Kifo chapita kila nyumba. Mume afapo, hutokea makabati kufunguliwa hata kabla ya arobaini. Cherehani aliyoinunua mke kwa faida ya vitumbua vyake huhesabiwa kuwa mali ya marehemu. Fedha za upatu zilizo kwa kijumbe hazitajwi na mtu. Deni la duka huachiwa mjane peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema kwamba ndoa haimnyang'anyi mke wala mume mali iliyo yake mwenyewe. Lakini haki isiyo na ushahidi hushindwa upesi na shemeji mwenye sauti kubwa.

Basi, nani aandike? Wengi hujibu: ndugu wa ukoo. Kumwita mtu wa nje na kumlipa, wasema, ni kumtangaza ndugu kuwa mwizi. Hoja hiyo si ya kubezwa, maana undugu wapita makabati kwa thamani. Lakini na tuipime. Simba na Yanga ni klabu zilizokulia Kariakoo. Siku zikutanapo, mwamuzi hatolewi katika klabu hata moja. Je, wachezaji wote ni waongo? Sivyo. Ila ni vigumu kwa mtu kuipima sawasawa haki ambayo yeye mwenyewe anayo sehemu ndani yake. Tena mtu wa nje amlinda hata huyo ndugu mwema. Ahesabupo peke yake, kitu kimoja kisipoonekana, atanung'unikiwa maisha yake yote, naye hana la kujitetea.

Mahakama yenyewe hairidhiki na neno la mdomo. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo hupewa miezi 4 kuleta orodha kamili ya mali na madeni. Kama sheria yamdai hivyo aliyeaminiwa na ukoo mzima, sisi tuone haya kwa nini?

Huenda mwingine akauliza: je, uaminifu hununuliwa kwa fedha? La, haununuliwi. Twamlipa mtu kwa ujuzi wake na kwa muda wake. Uaminifu wake yatupasa kuutafuta kwa alama zake. Kwanza, asiwe mrithi, wala asiwe dalali atakayevinunua au kuviuza vitu hivyo kesho. Pili, ujira wake upatanwe kabla ya kazi, wala usipande kwa kadiri ya thamani anayoiandika. Tatu, akitajwa kuwa mthamini, aonyeshe kwamba amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, kama itakavyo sheria ya mwaka 2016. Nne, afanye kazi mbele ya mume na mke, chumba kwa chumba, aandike kila kitu pamoja na jina la mwenyewe, na asiyaache madeni. Tano, kila ukurasa utiwe sahihi, nakala zikae mahali zaidi ya pamoja, naye aondoke na kinywa kilichofungwa; maana ajuaye yaliyomo kabatini mwako aweza kukudhuru kwa neno moja tu barazani.

Mtu mwaminifu hachukizwi na masharti hayo. Yeye mwenyewe ataomba mashahidi, kwa kuwa ajua kwamba yanamkinga na shutuma. Akasirikaye kwa kutazamwa, na atafutwe mwingine.

Wako wasemao kwamba kuandika mali mtu angali mzima ni uchuro. Daftari halijamwua mtu. Na asiye na uwezo wa kumlipa mtaalamu asikate tamaa: mwalimu mstaafu au jirani mwenye sifa njema, asiye na fungu katika mali hiyo, aweza kufanya kazi hiyo kwa jioni mbili. Mume na mke wakae naye mezani, wataje kila kitu, hata cherehani, hata fedha za upatu, na watoto walio wakubwa wasikie. Siku wazazi watakapokuwa hawapo, ndugu hao watakuwa na jambo moja pungufu la kugombania.