Ndimi za Kuazima

Vali ya ndimi ni kifaa kidogo kinachokaa kati ya kabureta na chumba cha krenki katika injini ya mapigo mawili. Umbo lake ni kama paa la nyumba lililolazwa ubavu. Kina fremu yenye madirisha, na juu ya kila dirisha upo ulimi mwembamba wa chuma cha pua, wa nyuzi za kioo au wa kaboni, uliofungwa kwa skrubu upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Pistoni inapopanda, kanieneo ndani ya chumba cha krenki hupungua, ndimi hufunuka, na mchanganyiko wa hewa, petroli na oili huingia. Pistoni inaposhuka, ndimi hubanwa kwenye fremu na kilichoingia hakirudi. Hakuna kamshafti inayoziamuru. Pumzi ya injini yenyewe ndiyo inayozifungua na kuzifunga, kama ulimi wa zumari unavyotii pumzi ya mpigaji.

Kifaa hiki kimo katika pikipiki za njia mbovu kama Yamaha DT125 na AG100, ambazo kabla ya enzi ya bodaboda ziliwabeba mabwana shamba, mapadri na watumishi wa mashirika ya misaada mahali ambapo gari halifiki. Bodaboda za leo karibu zote ni za mapigo manne, na fundi aliyeanza kazi juzi anaweza kumaliza mwaka bila kuushika ulimi hata mmoja. Katika Ziwa Tanganyika mambo ni tofauti. Injini za mapigo mawili bado zinasukuma maboti ya mbao kutoka Kigoma, kupita mbele ya misitu ya Gombe, hadi Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya maji na milima mpakani na Burundi. Mahali kama hapo ziwa ndilo barabara, na duka la spea liko mbali. Ulimi ukipasuka, unaopatikana kwa haraka ni ule uliomo katika injini ya jirani iliyolala.

Kuhamisha ndimi kutoka injini moja hadi nyingine ni kazi ya skrubu chache, ila si kazi ya kubandua na kubandika tu. Kwanza fremu ikubaliane na nafasi yake na matundu ya bolti yalingane, la sivyo huhamishwa ndimi peke yake. Pili, kila ulimi una ukakamavu wake. Ulio laini hufunuka mapema na kuipa injini nguvu katika mzunguko wa chini, lakini mzunguko ukipanda hupepea bila mpango na kuchelewa kufunga. Ulio mgumu huwa kinyume chake. Tatu, ulimi wa nyuzi ukitumika muda mrefu hushika mkunjo, ukawa haulali tena sawasawa juu ya dirisha. Anayeutoa katika injini moja na kuutia katika nyingine anahamisha pia mkunjo huo. Pikipiki iliyokuwa ikiwaka kwa teke moja inaweza kuanza kutema mafuta kupitia kabureta, na iliyokuwa nzito kuondoka ikachangamka. Kipande kina tabia iliyotokana na kilikotoka.

Hapo ndipo kazi ya gereji inapogusa swali kongwe la falsafa: ni nini kinachofanya kitu kibaki kile kile wakati sehemu zake zinabadilika? Mfano unaotajwa zaidi ni wa Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyesimulia jinsi Waathene walivyoitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kung'oa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wao wakagawanyika, hawa wakisema ni merikebu ile ile na wale wakikana. Mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes, mwaka 1655, aliongeza kitendawili. Mtu akiziokota mbao zote zilizotupwa na kuziunga upya kwa mpangilio wake wa awali, zitakuwapo merikebu mbili, na kila moja itadai kuwa ndiyo ya Theseus.

Ziwa Tanganyika lina chombo chake cha kujibu swali hilo, tena cha chuma. Meli ya Liemba ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Götzen. Ilipokamilika ilifunguliwa, ikapakiwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikapanda reli ya kati, na ikaungwa upya Kigoma, ambako iliteremshwa majini mwezi Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi isije ikatekwa, wakiwa wameipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya, jina ambalo mvumbuzi David Livingstone alilisikia likitumika kwa upande wa kusini wa ziwa. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziling'olewa na kuwekwa za dizeli. Mwezi Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokusanyika katika ufuo mwembamba wa Kagunga na kipindupindu kikaingia, Liemba ndiyo iliyotumwa kuwachukua. Ilibeba watu wapatao 600 kwa safari, na kwa kuwa haikuweza kufika ufukoni, maboti madogo yaliwasogeza hadi ubavuni mwake.

Chombo hicho kimepoteza jina, bendera, moyo wa mitambo na hata umbo lake kwa muda kilipokuwa makasha tu, na hakuna mkaazi wa Kigoma anayeona shida kusema ni meli ya Mjerumani ile ile. Kinachoshikilia kauli yake ni historia isiyokatika: kila badiliko lilifanywa juu ya kitu kilichokuwapo jana yake. Mwanafalsafa John Locke, katika toleo la 1694 la insha yake juu ya akili ya binadamu, alisema jambo la karibu na hilo kuhusu mti. Mwaloni hubaki ule ule si kwa sababu chembe zake hazibadiliki, bali kwa sababu uhai mmoja unaendelea kupita katika chembe zinazobadilika. Meli haina uhai, ila ina kazi, na kazi hiyo ilirudi katika mabati yale yale hata baada ya kuzamishwa.

Hata hivyo mfano wa Theseus, pamoja na umaarufu wake, una upungufu ambao Hobbes aliukaribia tu. Ndani yake mbao mpya hutoka pasipo na mwenyewe, na kuukuu huenda pasipo na kazi. Swali lote ni la chombo. Ulimi wa vali hauji hivyo. Umetoka katika injini nyingine, yenye mwenyewe, na injini hiyo imebaki na pengo. Swali gumu zaidi ni la kipande: sehemu moja iliyowahi kuwa ya viwiliwili viwili ni ya kipi?

Waliolazimika kulijibu swali hilo kwa dhati walikuwa wanateolojia, kwa sababu ya imani ya ufufuo wa miili. Pingamizi lililowasumbua Wakristo na Waislamu kwa karne nyingi ni moja. Mtu akila nyama ya mtu mwenzake, nyama ile ikawa mwili wake, siku ya kufufuliwa itakuwa ya nani? Ikirudi kwa mliwaji, mlaji atapungukiwa. Ikibaki kwa mlaji, mliwaji hafufuki kamili.

Agostino wa Hippo, katika kitabu cha mwisho cha kazi yake kubwa juu ya Mji wa Mungu, aliyoimaliza yapata mwaka 426, alijibu kwa lugha ya mkopo. Nyama ile itarudishwa kwa aliyekuwa nayo kwanza, maana mlaji alikuwa kama ameiazima, na kilichoazimwa hurudi kwa mwenyewe. Thomas wa Akwino, karne nane baadaye, alilegeza fundo kwa mfano wa moto: moto huitwa mmoja ingawa kuni zinateketea na nyingine kuongezwa, na mwanadamu vivyo hivyo hahitaji kila chembe iliyowahi kupita mwilini mwake.

Upande wa Uislamu, Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliweka pingamizi hilo hilo katika suala la ishirini, la mwisho, la kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa. Jibu lake ni jepesi kuliko la Agostino. Mtu ni yeye kwa nafsi yake. Viungo vyake hubadilika kwa chakula tangu utotoni hadi uzeeni, naye habadiliki kuwa mwingine, basi nafsi ikirudishiwa mwili, uwe wa mada ile au nyingine, aliyerudi ni yeye. Wanakalamu wengine, yaani wanateolojia wa Kiislamu, hawakuridhika. Taftazani, katika ufafanuzi wake wa itikadi ya Nasafi, alishika fikra ya sehemu asilia: kila mtu ana sehemu zake za msingi zinazodumu tangu mwanzo hadi mwisho wa umri, na kilicholiwa ni ziada kwa mlaji, si asili. Wafasiri waliosimulia habari ya Ibrahimu na ndege wanne, iliyotajwa katika aya ya 260 ya Surat al-Baqara, walieleza kwamba nyama za ndege hao zilichanganywa kabla ya kugawanywa juu ya milima, na kila kipande kikarudi kwa ndege wake. Msisitizo wao uko kwenye kule kuchanganywa. Kufufua ndege aliyelala peke yake ni jambo moja, na kukirudisha kila kipande kwa chake ni jingine.

Kwa lugha ya gereji, Ghazali yuko upande wa anayesema pikipiki ni ile ile almradi inaendeshwa kama ile, na Taftazani upande wa anayetazama namba. Kadi ya pikipiki Tanzania huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, zilizogongwa katika chuma chenyewe. Ulimi wa vali hauna namba. Kwa mujibu wa kadi, ni ziada.

Lakini ziada hiyo ina mwenyewe, na hapa fiqhi, elimu ya sheria ya Kiislamu, inafika mahali ambapo metafizikia ilisita. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj, kitabu cha madhehebu ya Shafi ambacho kimesomeshwa darasani vizazi kwa vizazi katika pwani ya Waswahili, hukumu ya ubao ulioporwa. Mtu akipora ubao na kuujengea, ubao utatolewa. Akiuingiza katika chombo cha majini, hukumu ni hiyo hiyo, isipokuwa ikihofiwa kuangamia kwa roho au mali iliyo na hifadhi. Wahanafi wanahukumu vingine. Boriti iliyoporwa ikishajengewa, milki ya mwenyewe hukoma na aliyeipora hudaiwa thamani yake.

Hukumu hizi mbili ni falsafa mbili za sehemu na kizima, ingawa hazijitangazi hivyo. Kwa Mhanafi, boriti iliyoingia nyumbani imemezwa na nyumba. Kilichobaki ni deni la fedha, kwa kuwa boriti kama boriti haipo tena. Kwa Mshafi, ubao ndani ya chombo bado ni ubao ule, wa mtu yule. Kutumikia chombo kingine hakukuubadili kuwa kitu kingine, na kinachousubirisha ni roho za watu walio juu yake tu. Hukumu ya Kishafi inaonekana kuafiki zaidi kile ambacho vali inaonyesha, maana ulimi wenye mkunjo wa injini ya kwanza haujamezwa na ya pili. Unafanya kazi humo kama mgeni, na sikio la fundi linamtambua.

Kuazima kwa ridhaa kuna mlango wake. Kwa Washafi, mwenye kitu anaweza kukidai wakati wowote, na aliyeazima hubeba dhamana kikiharibika, hata bila uzembe, isipokuwa kikichakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Ulimi uliochoka kwa kupepea katika safari zilizokubaliwa haulipwi. Uliovunjika kwa kukazwa skrubu ovyo hulipwa. Kuna jambo la tatu ambalo mafundi wanalijua vyema: ulimi wa chuma ukikatika, kipande chake huvutwa ndani na kuikwaruza silinda, hasara kubwa mara nyingi kuliko thamani ya ulimi wenyewe. Hasara hiyo humwangukia mwenye injini iliyopokea, na ni haki, kwa kuwa aliyeazimisha alitoa ulimi alioombwa. Akiwa alijua una ufa na akanyamaza, hilo ni shauri jingine. Mlango huo wa kuazima una hukumu moja ya ajabu: ardhi iliyoazimwa kwa kuzikia haidaiwi mpaka athari ya aliyezikwa iishe. Mwili nao umepewa muda wa kuwa mahali pasipo pake.

Kwa hukumu ya Nawawi, basi, boti iliyo katikati ya maji mbele ya Gombe, ikiendeshwa kwa ndimi zilizochukuliwa bila ruhusa katika injini ya mtu, haisimamishwi ili zing'olewe. Abiria wana haki ya kufika. Udhuru huo unadumu kwa urefu wa safari tu. Abiria wa mwisho akishashuka kwenye mchanga wa Kagunga na mizigo yake, skrubu zinaweza kufunguliwa.